Kwasari au pinde za galaksi: kuchagua lenzi ya kupimia tungamo na maada giza

Kila mwaka, majuma machache kabla ya siku ya kuwasilisha maandiko ya utafiti, hunijia wanafunzi wa fizikia wa hapa Mwanza wanaotaka kuandika juu ya maada giza (maada isiyotoa mwanga, inayojulikana kwa mvuto wake tu), na karibu wote huja na picha moja: Msalaba wa Einstein, yaani nukta nne za mwanga, zote taswira za kwasari moja (kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali) iliyo nyuma, zilizozunguka kiini cha galaksi moja katika kundi la nyota la Farasi. Picha hiyo inapendeza kweli. Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza maada giza, hiyo ni mojawapo ya lenzi zisizofaa kuanzia, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike ulinganisho huu.

Lenzi ya graviti, yaani galaksi ambayo mvuto wake hupinda mwanga wa kitu kilicho nyuma yake, huweza kujibu maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kwamba galaksi ina tungamo kiasi gani. La pili ni kwamba tungamo hilo limepangwaje kutoka katikati kwenda nje. La tatu ni iwapo maada giza iliyomo imetandazwa laini kama uji au ina madonge. Zipo njia mbili kubwa za kuyajibu: kutumia galaksi iliyopindisha mwanga wa kwasari, ambayo huonekana kama nukta, au kutumia galaksi iliyopindisha mwanga wa galaksi nyingine, ambao hunyooshwa ukawa pinde. Ipo pia njia ya tatu, ya kupima mwendo wa nyota, ambayo sitaipa nafasi yake peke yake kwa kuwa kazi yake bora huifanya ikiwa imeshikana mkono na hizo mbili.

Kwa nini tusihesabu nyota tu

Anayesimama Capri Point usiku wa giza akahesabu taa za wavuvi wa dagaa ziwani atajua taa ni ngapi, lakini hatajua chini ya taa hizo kuna dagaa tani ngapi. Wanajimu walikuwa katika hali hiyo kwa muda mrefu. Fritz Zwicky aliona mwaka 1933 kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi kuliko inavyowezekana kwa tungamo la nyota zake peke yake, na mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mwendo wa gesi katika galaksi ya Andromeda ambavyo, pamoja na vile vilivyofuata kwa galaksi nyingine, vilionyesha kwamba mwendo haupungui kule nje ambako nyota zimekwisha. Uzuri wa lenzi ya graviti ni kwamba haiulizi kama kitu kinang'aa au la, wala kama kimetulia au kinakimbia. Kinachopinda mwanga ni tungamo, liwe la nyota, la gesi au la maada giza.

Zwicky huyo huyo alisema mwaka 1937 kwamba galaksi zingeweza kuwa lenzi, lakini lenzi ya kwanza ya aina hiyo ilisubiri hadi mwaka 1979, pale Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walipogundua kwamba kwasari mbili zilizoachana kwa sekunde 6 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 za digrii) zilikuwa na spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) zinazofanana mno. Zilikuwa kwasari moja, Q0957+561, iliyoonekana mara mbili. Kwa anayetaka kujua, mahali penyewe angani panaonekana kutoka Mwanza, chini upande wa kaskazini, na hapapandi zaidi ya digrii 32 hivi juu ya upeo wa macho.

Kitako cha bilauri

Tofauti ya nukta na upinde nimeshindwa kuieleza vizuri kwa milinganyo, kwa hiyo huwaonyesha wanafunzi mezani. Jioni moja umeme ulipokatika, nilichukua glasi ya mguu mrefu iliyokwisha kuvunjika, nikabaki na kitako chake, ambacho unene wake hupungua kutoka katikati kwenda ukingoni. Nikawasha tochi ya simu, nikaifunika kwa karatasi ya foili ya pakiti ya sigara, nikatoboa tundu kwa sindano. Ukitazama tundu hilo kupitia kitako cha glasi, ukasogeza glasi taratibu, nukta moja hugeuka mbili. Ukiiinamisha kidogo huwa nne, na tundu likikaa sawasawa katikati nukta zote hutaka kuungana zikawa pete. Hiyo ndiyo kwasari. Kisha nikapanua tundu kwa ncha ya kalamu hadi likawa la upana wa punje ya mchele. Badala ya nukta nne safi zikaja pinde nne nene zilizokaribia kugusana. Hiyo ndiyo galaksi.

Kilichokuja kuwa na maana zaidi sikukitarajia. Glasi yenyewe ilikuwa ya bei nafuu, na ndani ya kitako chake mlikuwa na kiputo cha hewa kidogo kuliko kichwa cha pini. Kwa tundu la sindano, kila nukta moja ilipopita karibu na kiputo ilififia au kung'aa ghafla, ingawa mahali pake hapakubadilika kwa kiasi ambacho jicho lingekiona. Kwa tundu pana, mng'ao haukubadilika; badala yake upinde ulipata jeraha dogo, kama meno ya panya kwenye ukingo wa mkate. Ukiielewa tofauti hiyo, sehemu kubwa ya uchaguzi umekwisha kuufanya.

Swali la kwanza: uzito

Kwa swali hili njia zote mbili zinatosha. Ukubwa wa pete, au wa duara linalopita katikati ya taswira za kwasari, pamoja na umbali wa lenzi na wa chanzo, hutoa tungamo lililomo ndani ya duara hilo kwa kosa la asilimia chache tu, na modeli unayochagua hubadilisha jibu kidogo sana. Katika unajimu wa galaksi ni vipimo vichache vyenye sifa hiyo.

Tatizo ni kwamba jibu ni la ndani ya duara tu, na hapo ndipo Msalaba wa Einstein unapoanguka. Galaksi yake, iliyogunduliwa kuwa lenzi na John Huchra na wenzake mwaka 1985, ni jirani yetu kwa vipimo vya mambo haya: mhamo mwekundu wake (namba inayoongezeka kadiri kitu kilivyo mbali) ni 0.039, wakati kwasari yenyewe iko kwenye 1.695. Kwa sababu ya ujirani huo, duara la nusu kipenyo cha sekunde 0.9 za tao huangukia miaka ya nuru kama 2,300 tu kutoka katikati ya galaksi. Ndani yake mna tungamo sawa na Jua takriban bilioni 15, ambalo sehemu yake kubwa ni nyota za kiini. Maada giza hutawala nje, na nje huko lenzi hii haifiki. Lenzi yenye mhamo mwekundu wa karibu 0.5 na duara la sekunde 1 ya tao hupima hadi miaka ya nuru kama 20,000, ambako mchango wa maada giza unaanza kuwa kitu cha kuzungumzia. Kwa hiyo, kabla ya kupenda picha, tazama umbali.

Swali la pili: mpangilio

Hapa njia zinaachana, na mimi nasimama upande wa pinde.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na ingefaa kufanywa kabla ya kuandika andiko lolote. Kwasari yenye taswira nne hukupa namba 8, yaani mahali pa kila taswira kwa mapana na marefu. Katika hizo, 2 zinatumika kutafuta kwasari ilipo hasa, 1 ni ukubwa wa duara, 2 ni uduaradufu wa galaksi na mwelekeo wake, na 2 nyingine ni mvuto wa galaksi za jirani. Ukichukulia kwamba katikati ya lenzi unapajua kutoka kwenye picha, umetumia 7 na umebakiwa na 1. Kwasari yenye taswira mbili hukupa namba 4 tu, na ukishatoa mahali pa kwasari na ukubwa wa duara unabakiwa na 1 kabla hujagusa umbo la galaksi.

Nilimwidhinishia kijana mmoja andiko lililotaka kupima mteremko wa tungamo, yaani kasi ya kupungua kwa msongamano kutoka katikati, kwa kutumia kwasari ya taswira mbili. Kosa lilikuwa langu kuliko lake. Programu haikulalamika, ilifanya kazi majuma matatu kwenye kompyuta mpakato yake, umeme ukikatika na kurudi, na mwishowe ikamletea jibu lenye kosa dogo la kutia moyo. Tulipobadilisha mipaka ya kuanzia tuliyoiwekea modeli, jibu lilihama pamoja na mipaka. Tulikuwa tumepima dhana zetu wenyewe.

Pinde hazina njaa hiyo ya namba. Picha moja ya darubini ya anga ya Hubble yenye pinde ndefu ina mamia au maelfu ya pikseli zenye mwanga, na kila moja inasema kitu juu ya uga wa graviti mahali pake, ingawa gharama yake ni kwamba inakubidi ukisie pia sura halisi ya galaksi ya nyuma. Ukiongeza kipimo cha mwendo wa nyota za galaksi ya mbele kutoka kwenye spektra, unapata sehemu mbili za mteremko mmoja: nyota zinaeleza tungamo la ndani kabisa, pete inaeleza lile la hadi kwenye duara. Mradi wa SLACS, uliotafuta lenzi katika spektra za Sloan, mradi mkubwa wa kuchunguza anga, kisha ukazithibitisha kwa Hubble, ulifanya hivyo kwa makumi ya galaksi kubwa za duaradufu, na jibu lilikuwa kwamba msongamano wa jumla hupungua karibu na kipeo cha 2 cha umbali. Jambo la kushangaza ni kwamba si nyota peke yake wala maada giza peke yake inayofuata mstari huo. Jumla yake ndiyo inayofuata.

Mtetezi wa kwasari ataniambia nimesahau kuchelewa kwa mwanga, na ana haki. Mng'ao wa kwasari hupanda na kushuka, na kwa kuwa njia za mwanga hazilingani urefu wala kina cha graviti, taswira moja hutangulia nyingine. Katika Q0957+561 tofauti ni siku 417 hivi. Ukikubali thamani ya kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kutoka vipimo vingine, kuchelewa huko hukuambia msongamano ulio karibu na duara lenyewe: tungamo likiwa zito zaidi hapo, tofauti ya muda hupungua. Ni kipimo ambacho pinde hazina, kwa kuwa galaksi nzima haipepesi macho.

Lakini gharama yake ni miaka. Tofauti ya muda ya hiyo kwasari ya kwanza ilibishaniwa kwa muda mrefu, wengine wakisema siku zaidi ya 500, hadi ilipotulia katika miaka ya 1990. Mradi wa COSMOGRAIL ulikaa zaidi ya miaka kumi ukipiga picha za kwasari, sehemu kubwa kwa darubini ya mita 1.2 iliyoko La Silla nchini Chile. Na hata ukiwa na muda, dhana ya mteremko hukufuata. Kundi la H0LiCOW lilipotumia kwasari 6 kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu lilipata kilomita 73.3 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali), kwa kosa la chini ya 2. Watafiti wa TDCOSMO walipolegeza mwaka 2020 dhana ya mpangilio wa tungamo, kwa lenzi 7, thamani ilikuwa 74.5 lakini kosa lilipanda hadi karibu 6. Walipoongeza taarifa za galaksi za SLACS, thamani ilishuka hadi 67.4. Tatizo hilo hujulikana kama utata wa shuka la tungamo: unaweza kutandika shuka laini la tungamo juu ya lenzi, ukarekebisha vingine, na taswira zisihame hata kidogo. Taswira za kwasari peke yake haziwezi kulifichua shuka hilo, na pinde peke yake haziwezi pia. Mwendo wa nyota ndio unaoweza, ndiyo maana nilisema njia ya tatu haipaswi kuachwa.

Swali la tatu: madonge

Kwa swali hili mizani inageuka, na ni hapa ninapomshauri mwanafunzi aende kwenye kwasari bila kusitasita, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Nadharia ya maada giza baridi inasema kwamba kuzunguka kila galaksi kubwa kuna madonge mengi madogo ya maada giza, mengi yakiwa hayana nyota hata moja. Kama maada giza ina uvuguvugu, yaani chembe zake zilikuwa na mwendo wa kasi mwanzoni mwa ulimwengu, madonge madogo hayakuweza kuumbika. Kwa hiyo kuhesabu madonge ni kuuliza chembe ya maada giza ni ya aina gani. Donge lisilo na nyota halionekani kwa darubini yoyote. Linafanya kazi ya kile kiputo cha kwenye glasi: linabadilisha mng'ao wa taswira moja bila kuisogeza kwa kiasi kinachoonekana.

Mao na Schneider walitoa wazo hilo mwaka 1998, wakieleza kwa nini mng'ao wa taswira za kwasari fulani haukubaliani na modeli yoyote laini. Mwaka 2002 Dalal na Kochanek walichukua lenzi 7, wakahitimisha kwamba kati ya asilimia 0.6 na 7 ya tungamo la karibu na taswira limo ndani ya madonge. Miaka mingi baadaye, mwaka 2020, kundi la Gilman lilitumia kwasari 8 za taswira nne kuonyesha kwamba chembe ya maada giza vuguvugu, kama ipo, lazima iwe na tungamo zaidi ya kiloelektrovolti 5.2 (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo la chembe). Matokeo ya namna hiyo, kutoka nukta 32 tu za mwanga, huniduwaza hadi leo.

Sharti lenyewe ni hili: usitumie mng'ao wa mwanga wa kawaida. Sehemu ya kwasari inayotoa mwanga huo ina upana wa siku chache za nuru, ndogo kiasi kwamba hata nyota moja moja za galaksi ya mbele zinaweza kuikuza au kuififisha. Maikrolenzi hizo za nyota huhama kwa miezi na miaka, na anayezichukulia kuwa madonge ya maada giza atapata madonge yasiyokuwepo. Dawa ni kutumia mwanga unaotoka sehemu pana zaidi ya kwasari, ambayo nyota hazina ukubwa wa kuiyumbisha: mawimbi ya redio, mistari myembamba ya spektra, au infraredi ya kati inayopimwa sasa na darubini ya James Webb. Tahadhari nyingine ni kutazama kama galaksi ya mbele ina sahani ya nyota iliyolala ubavu, kwa sababu sahani kama hiyo huweza kuiga donge kwa ustadi wa kutisha.

Hata maikrolenzi yenyewe, ambayo kwa swali la madonge ni usumbufu, ni kipimo kwa swali lingine. Nyota zikiwa zimechanganyika na maada laini, taswira za aina fulani hufifia zaidi kuliko zingine, na kiasi cha kufifia hutegemea ni sehemu gani ya tungamo la mahali hapo ni nyota. Kwa kazi hiyo Msalaba wa Einstein unarudi kuwa mfalme: maikrolenzi ilionekana kwa mara ya kwanza huko, mwaka 1989, na kwa kuwa mwanga wa taswira zake nne unafika karibu kwa pamoja, badiliko la taswira moja peke yake halina pa kujificha.

Pinde nazo zina namna yake ya kutafuta madonge, kwa kutazama jeraha kwenye ukingo. Simona Vegetti na wenzake waliripoti mwaka 2012 donge lenye tungamo la Jua karibu milioni 190 katika lenzi ya JVAS B1938+666, ambayo iko kwenye mhamo mwekundu wa 0.88. Faida kubwa ya pinde ni kwamba hukuonyesha donge lenyewe, mahali lilipo na uzito wake, wakati kwasari hukupa takwimu ya madonge mengi bila kukuonyesha hata moja. Hasara ni kwamba picha ya Hubble huishia kwenye madonge makubwa. Anayetaka madogo zaidi kwa pinde anahitaji picha kali za darubini za redio zilizounganishwa kutoka mabara mbalimbali, na kompyuta ya kuzichakata si ya kubeba mgongoni.

Uwezo wetu wa hapa

Msalaba wa Einstein hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, digrii 6 hivi kutoka utosi wa anga, mnamo saa nne usiku katikati ya Oktoba, mawingu ya vuli yakiruhusu. Lakini daraja lake la mng'ao ni karibu 17, mara kama 25,000 hafifu kuliko nyota hafifu kabisa inayoonekana kwa macho, kwa hiyo darubini ndogo ya shule haitausaidia mradi wowote kati ya hii. Kazi yote ni ya data zilizokwisha kukusanywa. Picha za Hubble zinapatikana bure kwenye hifadhi yake, na programu ya lenstronomy, inayoendeshwa kwa Python, ni ya bure pia. Modeli ya kwasari ya taswira nne hukamilika kwa dakika chache kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, wakati modeli ya pinde huchukua saa nyingi na huhitaji ujuzi wa kusafisha picha, kuondoa mwanga wa galaksi ya mbele, na kujua jinsi darubini inavyotawanya nukta. Mwenye intaneti ya kununua kwa vifurushi atatambua pia kwamba jedwali la mahali pa taswira na mng'ao wake ni mistari michache, na picha za pinde ni faili nzito.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye muhula mmoja na kompyuta moja namwelekeza achukue kwasari ya taswira nne iliyochapishiwa vipimo vya redio au vya infraredi, apime tungamo la ndani ya duara, kisha aulize kama mng'ao unakubaliana na modeli laini. Mwenye mwaka mzima na msimamizi anayejua kuchakata picha, na ambaye swali lake ni mpangilio, achukue lenzi moja ya SLACS yenye mwendo wa nyota uliochapishwa. Kuchelewa kwa mwanga nawaachia wale wanaokwenda masomo ya juu, kwa sababu darubini ya Rubin ya mita 8.4 huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, itarudi angani kwenye maeneo yale yale kwa miaka kumi, na makadirio ni kwamba itafichua maelfu ya kwasari zilizopindishwa, pale ambapo leo tunazo mia kadhaa.

Kitako cha glasi bado ninacho, kwenye droo, kimefungwa kwa kitambaa. Anayekuja na ile picha ya msalaba mimi humpa hicho kwanza, na sindano.